pH yako imekataa? Soma kosa kutoka kwenye jibu lenyewe

Umepiga hesabu ya pH ya myeyusho wa sodiamu asetati mpaka mwisho. Jibu lako ni 5.28, jibu la kitabu ni 8.72. Hapo wanafunzi wengi hufuta kila kitu, wakaanza upya kwa njia ileile na kufika palepale. Usifute. Jibu lisilo sahihi lina habari nyingi ndani yake, kwa sababu makosa ya maswali ya msawazo wa asidi na besi hayatokei ovyo. Kila kosa husogeza pH kwa kiasi chake, na anayekijua kiasi hicho hurudi moja kwa moja kwenye mstari ulioharibika.

Kwa hiyo tutaanzia kwenye dalili, nadharia itafuata inapohitajika. Isipotajwa vinginevyo, halijoto ni 25 °C, Kw (ukolezi wa H₃O⁺, ayoni inayopimwa na pH, ukizidishwa kwa ule wa OH⁻ ndani ya maji) ni 1.0 × 10⁻¹⁴, na M maana yake ni moli kwa lita. Asidi ya mfano ni asidi asetiki, CH₃COOH, yenye Ka (namba ya msawazo inayopima nguvu ya asidi) ya 1.8 × 10⁻⁵. Amonia, ambayo ni besi, nayo ina Kb (namba kama hiyo kwa besi) ya 1.8 × 10⁻⁵. Kulingana huko ni sadfa tu, lakini kumewafanya wengi waone Ka na Kb kama kitu kimoja.

Jibu lako na la kitabu yakijumlishwa yanatoa 14

5.28 na 8.72 ni 14.00 kamili. Maana yake hesabu yako ilikuwa safi hadi mstari wa mwisho: ulichopata ni pOH (logi hasi ya ukolezi wa OH⁻), ukakiita pH. Hili hutokea pale x inapokuwa ukolezi wa OH⁻, yaani kwenye maswali ya besi dhaifu na ya chumvi zinazotokana na asidi dhaifu. Dawa yake ni kuandika pembeni, kabla hujagusa kikokotoo, x ni ukolezi wa kitu gani. "x = [OH⁻]". Ukiwa na mstari huo mbele ya macho, ni vigumu kusahau kutoa kwenye 14.

Ukaguzi mwingine wa haraka ni kuamua upande kabla ya hesabu. Myeyusho wa sodiamu asetati una ayoni ya asetati, ambayo ni besi, na ayoni ya sodiamu, ambayo haifanyi lolote na maji. Basi pH lazima iwe juu ya 7. Ukipata 5.28 unajua kuna tatizo hata kama kitabu hakina majibu nyuma.

Tofauti kati ya majibu mawili ni namba unayoweza kuitambua

Toa jibu moja kwenye lingine uone kinachobaki.

Ikibaki 0.30, hiyo ni logi ya 2. Mahali fulani umepoteza au umeongeza mara mbili. Mtuhumiwa wa kwanza ni besi yenye hidroksidi mbili: Ba(OH)₂ ya 0.010 M inatoa OH⁻ ya 0.020 M, pOH 1.70, pH 12.30. Aliyesahau ile 2 hupata 12.00. Mtuhumiwa wa pili ni ujazo: umechanganya myeyusho miwili yenye ujazo sawa, ukasahau kwamba ukolezi wa kila kitu umeshuka hadi nusu.

Ikibaki 0.15, kosa ni hilohilo la mara mbili, ila uko kwenye asidi au besi dhaifu. Ukolezi wa H₃O⁺ unaotoka kwenye asidi dhaifu hufuata mzizi wa mraba wa ukolezi wa asidi, na mzizi wa mraba huigawa logi kwa mbili. Ndiyo maana 0.30 inageuka 0.15.

Ikibaki 0.50 kwenye asidi dhaifu, angalia kikokotoo. Mtu anayetaka kuingiza 1.8 × 10⁻⁵ hubonyeza 1.8, kisha alama ya kuzidisha, kisha 10, kisha EXP, kisha −5. Kitufe cha EXP tayari kina "mara kumi kwa kipeo cha" ndani yake, kwa hiyo kikokotoo kimesoma 1.8 × 10⁻⁴, mara kumi zaidi. Ukitafuta pKa (logi hasi ya Ka) kwa mtindo huo utapata 3.74 badala ya 4.74. Ukiendelea hadi pH ya asidi asetiki ya 0.10 M utapata 2.37 badala ya 2.87. Bonyeza 1.8, EXP, −5, basi.

Na pH ikitoka kubwa kupita kiasi, igawe kwa 2.303. Ukipata jibu la kitabu, ulibonyeza ln badala ya log. Asidi asetiki hiyohiyo kwa ln inatoa 6.61, na hakuna asidi asetiki ya 0.10 M iliyo karibu na 7 kiasi hicho.

Tofauti ya 0.01 mara nyingi ni makadirio tu. Beba tarakimu za ziada katikati ya hesabu, ukate mwishoni. Kumbuka pia kwamba kwenye pH ni tarakimu zilizo baada ya nukta tu zinazoonyesha usahihi wa kipimo: ukolezi wa 1.3 × 10⁻³ una tarakimu mbili zenye maana, kwa hiyo pH yake huandikwa na desimali mbili, 2.89.

Asidi dhaifu imetoa pH ya asidi kali

Umeulizwa pH ya asidi asetiki ya 0.10 M, ukaandika 1.00. Umechukua ukolezi wa asidi ukaufanya ukolezi wa H₃O⁺. Hiyo ni halali kwa HCl, kwa HNO₃ na kwa wenzao wachache walio kwenye orodha fupi ya asidi kali. Orodha hiyo ikariri. Ni mojawapo ya mambo machache katika mada hii ambayo kweli yanafaa kukaririwa. Asidi isiyokuwemo ichukulie kuwa dhaifu na utafute Ka yake.

Kwa asidi dhaifu unahitaji jedwali la mwanzo, badiliko na msawazo. Mwanzo: asidi 0.10, H₃O⁺ karibu sifuri, asetati sifuri. Badiliko: −x, +x, +x. Msawazo: 0.10 − x, x, x. Kisha x²/(0.10 − x) = 1.8 × 10⁻⁵, x = 1.34 × 10⁻³, pH 2.87. Asidi iliyoachia protoni yake ni asilimia 1.3 tu, iliyobaki yote bado ni CH₃COOH. Picha hiyo ya molekuli karibu zote zikiwa bado nzima ndiyo inayokosekana kwa anayeandika 1.00.

Swali likija kinyumenyume, umepewa pH na unatafutiwa Ka, jedwali ni lilelile ila x unayo tayari. Asidi ya 0.20 M yenye pH 2.70 ina x ya 2.0 × 10⁻³, basi Ka ni (2.0 × 10⁻³)² gawanya kwa 0.198, yaani 2.0 × 10⁻⁵. Anayepata Ka kubwa mno hapa kwa kawaida amesahau kuweka 0.198 chini, akaweka x badala yake.

Njia ya mkato imekudanganya

Hapo juu tuliichukua 0.10 − x kuwa 0.10 ili tukwepe mlinganyo wa kwadrati. Mkato huo una masharti, na dalili ya kuyavunja ni jibu lililo karibu na la kitabu bila kulifikia, labda kwa 0.05 hivi.

Chukua asidi hidrofloriki, HF, ya 0.010 M yenye Ka ya 6.8 × 10⁻⁴. Kwa mkato, x = √(6.8 × 10⁻⁶) = 2.6 × 10⁻³, pH 2.58. Sasa linganisha x na ukolezi wa mwanzo: 2.6 × 10⁻³ ni asilimia 26 ya 0.010. Umesema x ni ndogo ya kupuuzwa, kumbe ni zaidi ya robo! Fanya kwadrati: x² + 6.8 × 10⁻⁴ x − 6.8 × 10⁻⁶ = 0, x = 2.29 × 10⁻³, pH 2.64.

Kanuni inayotumika sana ni asilimia 5. Fanya mkato, pata x, igawe kwa ukolezi wa mwanzo. Ikizidi asilimia 5, rudi kwenye kwadrati. Ukitaka kujua mapema, gawanya ukolezi kwa Ka. Ikizidi 400 hivi uko salama. Kwa asidi asetiki ya 0.10 M ni zaidi ya 5,000, kwa HF yetu ni 15 tu. Ushauri wangu kwa anayejiandaa kwa mtihani ni kwamba ukaguzi huu usiuache hata swali linapoonekana jepesi. Watunga maswali hupenda kuweka HF na myeyusho hafifu kwa sababu hii hasa.

Kwadrati nayo hutoa majibu mawili. Lililo hasi litupe, kwani ukolezi hauwi hasi. Yakiwa chanya yote mawili, hilo ni jambo la ajabu kwenye swali la namna hii. Rudi uangalie alama kwenye mlinganyo.

Swali lina asidi na besi ndani ya chupa moja

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, na hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine kote. Kosa karibu kila mara ni moja: mwanafunzi anakimbilia msawazo kabla mmenyuko haujaisha.

Asidi dhaifu ikikutana na OH⁻, hazisubiri msawazo. OH⁻ inanyakua protoni mpaka kimoja kati ya hivyo viwili kiishe. Kwa hiyo kazi ni mbili, na haziruhusiwi kuchanganywa. Ya kwanza ni hesabu ya moli: nani kala nani, kimebaki nini. Ya pili ni msawazo, na unaanza na kilichobaki. Kazi ya kwanza ifanye kwa moli au milimoli, usiifanye kwa ukolezi, kwa sababu ujazo unabadilika kila unapomimina.

Tuchukue mL 50.0 za asidi asetiki ya 0.10 M, tuzimiminie NaOH ya 0.10 M kidogo kidogo, kama kwenye titresheni. Asidi ni milimoli 5.0.

Baada ya mL 20.0 za NaOH, yaani milimoli 2.0: OH⁻ yote imekwisha, asidi imebaki milimoli 3.0, na asetati iliyozaliwa ni milimoli 2.0. Kilichomo sasa ni asidi dhaifu pamoja na besi mwenza wake (kinachobaki asidi ikiachia protoni), yaani bafa. Mlinganyo wa Henderson na Hasselbalch, pH = pKa + log(besi/asidi), unafaa: pH = 4.74 + log(2.0/3.0) = 4.57. Ujazo wa mL 70 unajifuta juu na chini, ndiyo maana milimoli zinatosha.

Sasa angalia majibu mengine yanayotoka kwenye swali hilihili. Ukipata 4.74, umeingiza 0.10 na 0.10 za kwenye lebo za chupa moja kwa moja kwenye mlinganyo, bila kufanya kazi ya kwanza. Ukipata 4.35, umehesabu asetati iliyozaliwa lakini hukuipunguza asidi, ukagawanya 2.0 kwa 5.0. Ukipata 4.92, umegeuza sehemu juu chini: besi hukaa juu, asidi chini. Hilo la mwisho ni rahisi kulikamata. Asidi ikiwa nyingi kuliko besi mwenza, pH haiwezi kuzidi pKa. Majibu 4.57 na 4.92 yako umbali sawa kutoka 4.74, moja kila upande, na ukiona ulinganifu huo unajua umegeuza.

Baada ya mL 50.0 za NaOH asidi imekwisha yote. Wengi huandika 7.00 kwa kuwa "zimelingana". Zimelingana kwa moli, ni kweli, lakini kilichobaki ni asetati, na asetati ni besi. pH 7 kwenye nukta hii kwa kawaida ni ya asidi kali na besi kali. Milimoli 5.0 za asetati ziko ndani ya mL 100.0, ukolezi 0.050 M. Kb yake ni Kw gawanya kwa Ka, 5.6 × 10⁻¹⁰. x = √(5.6 × 10⁻¹⁰ × 0.050) = 5.3 × 10⁻⁶, pOH 5.28, pH 8.72. Ndilo swali tuliloanza nalo.

Nukta hii ina mitego mitatu. Aliyesahau kwamba ujazo sasa ni mL 100 ametumia 0.10 M akapata 8.87, juu kwa 0.15 ileile. Aliyetumia Ka badala ya Kb kapata 10.98. Aliyesahau pOH kapata 5.28. Na kwa titresheni ya amonia ya 0.10 M kwa HCl ya 0.10 M, pH ya nukta hiyo ni 5.28 kweli, kwa sababu kilichobaki ni NH₄⁺ ambayo ni asidi. Namba ni ileile, ndiyo maana kukariri majibu hakumfikishi mtu mbali.

Baada ya mL 60.0, OH⁻ imezidi kwa milimoli 1.0 ndani ya mL 110.0, ukolezi 9.1 × 10⁻³ M, pH 11.96. Asetati ipo, lakini OH⁻ iliyozidi inaizuia isitoe OH⁻ ya maana, hivyo iache. Ukipata 12.74, umehesabu milimoli zote 6.0 za NaOH kana kwamba hakuna iliyotumika.

Dalili nyingine ya familia hii ni wastani wa pH. Ukichanganya ujazo sawa wa asidi kali ya pH 2.00 na ya pH 4.00, jibu si 3.00. Rudi kwenye ukolezi: 0.010 na 0.00010, nusu ya jumla yake ni 5.05 × 10⁻³, pH 2.30. pH ni logi, na logi hazijumlishwi wala kutafutiwa wastani namna hiyo.

Umeyeyusha asidi, pH imevuka 7

HCl ya 1.0 × 10⁻⁸ M. Kikokotoo kinasema 8.00, na asidi haiwezi kuyafanya maji yawe besi. Umesahau kwamba maji yenyewe yana H₃O⁺ ya 1.0 × 10⁻⁷ M, mara kumi zaidi ya uliyoongeza. Usizijumlishe tu, kwa sababu asidi inasukuma msawazo wa maji nyuma. Weka [OH⁻] = x na [H₃O⁺] = 1.0 × 10⁻⁸ + x, uzizidishe zitoe Kw, upate H₃O⁺ ya 1.05 × 10⁻⁷ na pH 6.98. Kwa asidi kali ya 10⁻⁶ M kwenda juu huna haja ya haya.

Kinyume chake pia hushangaza: maji safi yana pH chini ya 7 yakipashwa moto. Kwa 60 °C ni karibu 6.5. Hayajawa asidi, H₃O⁺ na OH⁻ bado ziko sawa. Kilichobadilika ni Kw, ambayo hupanda kadiri halijoto inavyopanda. Swali likitaja halijoto nyingine, ile 14 ya kutolea pOH nayo haipo tena.

Asidi yenye protoni zaidi ya moja

Kwa asidi fosforiki usihangaike na hatua zote tatu. Ka₁ ni karibu 7.5 × 10⁻³, Ka₂ ni 6.2 × 10⁻⁸, kwa hiyo H₃O⁺ yote ya maana inatoka hatua ya kwanza: myeyusho wa 0.10 M una pH 1.62, kwa kwadrati. Asidi salfuriki ndiyo inayohitaji uangalifu, kwa kuwa hatua yake ya kwanza ni kali na ya pili ina Ka₂ ya karibu 0.012. Kwa 0.10 M, aliyepata 0.70 amezihesabu protoni zote mbili kuwa kali, aliyepata 1.00 ameipuuza ya pili. Jibu ni 0.96.

Hakuna dalili hata moja inayolingana

Kwanza angalia jedwali la Ka. Vitabu havikubaliani kikamilifu: HF utaikuta na 6.3, 6.8 au 7.2 × 10⁻⁴, na hiyo inatosha kusogeza pH kwa 0.02 au 0.03. Kisha rudisha ukolezi uliopata kwenye mlinganyo wa Ka uone kama unatoa Ka. Kwa jibu la 8.72: H₃O⁺ ni 1.9 × 10⁻⁹, asetati 0.050, CH₃COOH 5.3 × 10⁻⁶. Zidisha mbili za kwanza, gawanya kwa ya tatu, unapata 1.8 × 10⁻⁵. Namba zako zikipita ukaguzi huu, na jumla ya asidi pamoja na besi mwenza ikilingana na ulichomimina, msawazo wako uko sawa. Kosa basi liko kwenye kusoma swali: ujazo, kipimo, au fomula ya kitu kilichoyeyushwa.